Mashine Namba Nne

Mwalimu Kiogora alivua kiatu cha kushoto kama mtu anayevuliwa cheo. Kidole gumba kilichungulia kupitia tundu la soksi, na walimu kumi na mmoja waliokwisha kuketi wakajifanya hawajaona.

"Na cha kulia, Mwalimu," Madam Wawira alisema kutoka ubaoni. "Vumbi la kwenu Kanyakine haliingii kwenye chumba cha kompyuta."

Hiyo ilikuwa Jumatatu, likizo ya Aprili, mwaka wa 1997, na chuki ilianzia hapo hapo mlangoni. Wawira alikuwa binti wa Embu, miaka ishirini na sita, ametumwa kuwaonyesha walimu wa sekondari jinsi ya kufundisha kompyuta. Kiogora alikuwa amefundisha hesabu miaka ishirini na mbili bila kusahihishwa na mtu. Asingekuja kabisa, ila mwalimu mkuu wake alimwambia waziwazi: rudi na cheti, au zile kompyuta sita ambazo wazazi walizinunua kwa jasho la majani chai zitapelekwa shule yenye mwalimu anayezijua.

Wiki nzima alikaa mbele ya mashine namba nne, mikono mapajani. Namba ilibandikwa juu ya kioo cha kompyuta, na kila mwalimu alikuwa na yake. Wawira kila akipita lazima asimame nyuma yake.

"Gusa, Mwalimu. Haiumi."

"Nafikiria kwanza, Madam."

"Tangu juzi?"

Watu wakaangua kicheko. Kiunga wa Mitunguu, ambaye alikuwa ameleta mkungu wa ndizi mbivu kwa ajili ya chai ya wote, alicheka hadi akapaliwa. Kiogora alikula ndizi zake mbili siku hiyo, na hakumsamehe.

Ijumaa asubuhi ukaja mtihani. Kila mmoja aandike, kwa dakika arobaini, barua rasmi kwa afisa wa elimu wa wilaya, akimweleza tatizo moja. "Saa nane nitapita mashine kwa mashine nikisahihisha," Wawira alisema. Kiogora aliitafuta herufi ya kwanza mpaka jasho likamtiririka mgongoni. Muda ulipokwisha, kwenye kioo chake hakukuwa na hata nukta.

"Hii haihitaji kikokotoo," Wawira akasema mbele ya watu. "Sifuri si unaijua? Wewe ni wa hesabu."

Wenzake walipokwenda kula, yeye alibaki. Kama yeye hapati cheti, basi asipate mtu! Mkaguzi wa shule, Bwana Ndambiri, angekuja saa tisa kufunga semina kwa niaba ya afisa wa elimu, na barua moja isiyo na jina ingetosha kuivuruga yote. Shida ni kwamba mwandiko wa Kiogora ulijulikana Meru nzima. Kwa miaka aliandika mitihani ya hesabu ya wilaya kwa mkono wake. Akaitazama kibodi. Mashine haina mwandiko.

Watu husema hasira hasara. Siku hiyo hasira ilikuwa mwalimu bora kuliko Wawira. Vidole vilivyogoma wiki nzima vilianza kutafuta herufi vyenyewe, kimoja kimoja, kama kuku anayedonoa mtama. Anwani. Tarehe. Kwa Afisa wa Elimu. Aya ya kwanza: huyu Wawira anapitisha waliomletea ndizi. Aya ya pili: ndizi zenyewe zilikuwa mkungu mzima, na mwandishi alizishuhudia kwa macho yake. Kuhusu tumbo lake hakusema kitu. Aya ya tatu: matokeo yafutwe. Akamaliza kwa kujiita Mpenda Haki.

Akabonyeza alivyomwona Kiunga akibonyeza, na printa ikakereza mpaka akadhani watamsikia jikoni. Akaitia karatasi ndani ya bahasha, kisha akabonyeza kitufe kilichokuwa chini ya kioo. Maneno yote yakatoweka, pakawa giza. Kisanduku cha kompyuta chini ya meza kiliendelea kuvuma, lakini chumba hicho kilivuma kutwa. Kiogora akavaa viatu, akaenda kula, na githeri ikamshuka vizuri.

Saa tisa, Bwana Ndambiri alipovua viatu na kuingia, bahasha nyeupe ilikuwa tayari mezani pake, chini ya glasi ya maji.

Wawira alisoma matokeo kwa sauti kavu. Kiunga, sitini na nane. Wengine wakafuata. Kiogora aliitazama soksi yake, akiisubiri sifuri kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kulipiza.

"Kiogora, sabini na nne. Amefaulu."

Makofi yakalipuka. Furaha ikampanda Kiogora: cheti! Zile kompyuta sita hazitoki! Hapo ndipo alipoikumbuka bahasha. Bwana Ndambiri alikuwa ameisogeza glasi kando, na kidole chake kilikuwa kinapasua gundi.

Kiogora alikwenda mbele.

"Madam," alinong'ona, "hapo pana makosa."

"Hakuna. Anwani iko mahali pake, tarehe iko sawa, aya tatu safi." Wawira alimkabidhi cheti, na juu ya cheti akaweka disketi nyeusi. Kwenye lebo palikuwa pameandikwa kwa wino mwekundu: Namba Nne, Mwalimu Kiogora, Barua kwa Afisa wa Elimu.

"Alama tano nimekukata kwa sababu ulizima kioo bila kuhifadhi kazi," akasema. "Usijali, Mwalimu. Nimekuhifadhia."