Rozari Isiyo na Msalaba

Rozari ile haikuwa na msalaba, na Floribert alichukua miezi minne kuliona hilo.

Ilining'inia nyuma ya mlango wa chumba cha binti yake, Emmanuella, juu ya sare ya shule. Shanga za kahawia, shanga nyeupe, mmoja mwekundu. Kila alipopita koridoni akaiona, roho ilimtulia. Asubuhi kabla ya chai, mke wake Régine na binti yao walijifungia mle dakika mbili, kimya, naye alinyata asiwakatize. Alijua wanachoomba. Tangu mtoto wa pili afie tumboni, miaka minne sasa, na Régine alazwe wiki sita, nyumba yao ya mtaa wa Bel-Air ilikuwa ikingoja mimba nyingine. Madaktari walisema mengi kwa Kifaransa. Floribert alibaki na neno moja tu, patience, subira.

Parokiani alijigamba. Wenzake waliwazuia mabinti zao kwenda Jumamosi kwenye masomo ya afya ya uzazi, kule kituo cha vijana cha mtaa wa Kenya. Yeye alitia sahihi bila kusita. Mtoto mwenye rozari, alisema, umfundishe lolote, haharibiki.

Kisha dada yake Kapya akaja kutoka Lukafu na magunia ya mahindi, akalazwa chumbani kwa Emmanuella. Jumamosi asubuhi alitoka na ile rozari mkononi hadi sebuleni kwa kaka yake.

“Yaya, njo hii munaita shapele?”

“Njo yenyewe.”

“Haiko shapele. Kule kwetu ba-infirmière ba hospitali banatuonyeshaka. Ni ya kuhesabia siku. Kila asubui mwanamuke anasogeza haka kapete shanga moya. Leo kako ku ya mukundu, ni kusema mwezi yake imeanza leo. Hizi ya mweupe, njo siku ya kushika mimba. Siku zile anakaa mbali na mwanaume. Zingine zote, anaenda kwake bila kuogopa.”

Floribert alikaa chini. Kilichomuuma zaidi ni ile sahihi yake. Alikuwa amempa mtoto imani yake yote, kumbe mtoto ameitundika msumarini na kuicheka.

Emmanuella akaitwa.

“Papa, haiko yangu.”

“Iko mu chumba yako, nyuma ya nguo yako. Ni ya nani sasa?”

Msichana akamgeukia mama yake, kama mtoto yeyote anayetafuta wa kumtetea. Régine, aliyekuwa amelala tangu alfajiri akiumwa tumbo, alisimama mlangoni na kitenge kiunoni.

“Ni masomo ile inamuharibu,” alisema. “Aende na tantine yake Kapya, Lukafu. Atulie kwanza.”

“Mama,” alisema Emmanuella.

“Enda, mutoto wangu.”

Ilikuwa imebaki miezi miwili tu kabla ya mtihani wa serikali, ule aliousomea miaka sita. Floribert mwenyewe ndiye aliyebeba begi lake mpaka kwenye lori, mchana huohuo, na hakumuaga. Msichana hakulia. Alimtazama mama yake mpaka lori likakata kona.

Ile rozari ya uongo Floribert aliitupia kwenye droo ya kando ya kitanda chake na Régine, akaapa kuirudisha kituoni hasira zikipoa.

Wiki mbili zile alikuwa mtu wa kuonewa huruma. Kazini hakumsemesha mtu. Mtoto wa pekee, na amemdanganya akiwa chini ya paa lake. Régine alimhudumia kwa upole kuliko siku zote: bukari ya moto, ule ugali wa kwao, sombe ya majani ya muhogo, samaki wa kukaanga aliyempenda. “Mungu atatupatia mwingine, Papa Emma,” alimwambia akimshika bega, na maneno hayo ndiyo yaliyomfanya asimame tena. Hata wiki ya pili, malaria ilipomshika Régine na akaomba alale peke yake kwenye kitanda cha binti, hakuacha kumpikia. Floribert alimshukuru Mungu kwamba, katika nyumba hii, amebakiwa na mtu mmoja wa kumwamini.

Jumamosi mchana, Régine akiwa sokoni, alifungua droo. Aliona afadhali aimalize shughuli hiyo leo: aende kituoni Kenya, awarudishie watu kitu chao, awaambie alilonalo moyoni. Akaisogeza dirishani aangalie mara ya mwisho kile kipete cheusi, pale Kapya alipokionyesha, kwenye ushanga mwekundu.

Hakikuwepo. Kilikuwa katikati ya zile nyeupe, na alipohesabu kuanzia ule mwekundu, zilifika shanga kumi na tano. Leo ilikuwa siku ya kumi na tano Emmanuella yuko Lukafu.