Hodi ya Kila Siku

Mtaani kwa Bi Mwanahawa hakuna aliyelala nje tena. Nyumba hazikudai kodi. Zilidai jirani mmoja abishe hodi kila siku, la sivyo zingemtoa mwenyeji. Majirani hawakumwangusha Bi Mwanahawa hata mara moja.

Asubuhi ile alipika mihogo ya nazi, kama enzi zile mtu alipokuja kuomba chumvi akaondoka jua likizama.

“Hodi!” jirani yake Khatibu aliita mlangoni.

“Karibu, mwanangu! Leo huondoki hivi hivi, mihogo imeiva.”

“Nyumba imeshanisikia, bibi. Umesalimika mpaka kesho.”

Nyayo zake zikaelekea mlango wa pili. Bi Mwanahawa akapakua sahani mbili, akaketi peke yake.

“Haya, karibu chakula,” akanong'ona.

Ukuta ukamjibu kwa upole: “Ahsante, nimeshashiba hodi ya leo.”