Nyimbo Nane

"Kifafa kilimshika binti yako kwa dakika ngapi, mama?" daktari aliuliza.

"Kama tano hivi," msusi alijibu, macho kwenye viatu vyake.

"Afadhali. Kikifika nusu saa bila kukoma, seli za ubongo huanza kufa, na zikifa hazirudi."

Wakati ule saluni yake ilikuwa imejaa wateja ambao siri haiwakai mdomoni. Habari ingefika sokoni kabla povu la shampuu halijakauka. Kwa hiyo, bintiye alipoanguka nyuma ya pazia, msusi aliongeza sauti ya redio akaendelea kusuka.

Sasa binti alifumbua macho. Alinyoosha kidole kwenye chanuo lililochomekwa nyweleni mwa mamake, lilelile alilojifunzia kusuka.

"Mama, hicho kinaitwaje?"

Msusi alilichomoa, akalificha kiganjani.

"Daktari," alisema, "zilipigwa nyimbo nane redioni kabla hajatulia."