Zamu ya Saa Saba

Chai haijapoa, karani wa bima alikuwa amekwisha kwenda dirishani mara tano. Anga lilikuwa jeupe, halina hata wingu la kusingizia. Alikuwa ameomba mvua tangu alfajiri, kisha akaona haya kumsumbua Mungu kwa jambo kama lile, kisha akaomba tena.

Mezani ulikuwapo mpango wake, karatasi mbili zilizobandikwa pamoja. Kufika bustani ya michezo saa tatu kamili, lango la nyuma. Kwenda kulia, kwa kuwa watu wote huenda kushoto. Vigari vya kugongana, farasi wa kuzunguka, gurudumu kubwa. Treni ya milima, ile inayopanda na kuporomoka kwa kasi, aliiandika mwisho kabisa, kwa penseli: saa saba na robo, zamu ikishabadilika.

"Zamu inatuhusu nini?" aliuliza shemeji yake, kaka wa mkewe, huku anatafuna mkate. "Sisi tunakwenda kupanda, hatuendi kuajiriwa."

"Wahudumu wa mchana ni makini zaidi."

"Umejuaje?"

"Nilipita Jumatano kupima foleni."

Mkewe akaweka kikombe chini. "Kumbe ndiko ulikokuwa. Ukaipanda hiyo treni?"

"Nilisimama tu."

Alisimama saa nzima nyuma ya kibanda cha bisi, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi, akitazama watu wanavyofungwa mikanda.

"Bima itakuua, shemeji. Mwenzetu ukiona kiti, unaona mtu kavunjika mguu."

Binti yao wa miaka saba alikuwa amejibana kwenye fremu ya mlango, akijipima mara ya tatu tangu aamke. Sentimita mia moja ishirini na moja. Treni ilidai mia moja na ishirini. Baba yake alikuwa amemwahidi mwaka juzi kwamba akifikisha, watapanda wote wawili, kiti kimoja. Mwaka juzi ahadi ilikuwa rahisi, mtoto alikuwa hafiki hata kwenye kitasa.

"Mama'ko angekuwapo, angekucheka leo," mkewe alisema. "Mungu amrehemu."

"Amina," akaitikia shemeji.

Karani aliinama kutafuta kiatu kilichokuwa mguuni mwake.

Mkewe hakuwahi kumwona mama mkwe. Hata siku ya harusi yao, viti vya upande wa bwana harusi vilikaliwa na makarani watano na mlinzi wa ofisi.

Bustanini mambo yalikwenda kama yalivyoandikwa. Kulia hakukuwa na foleni. Shemeji aligongwa na vigari mpaka akaomba poo, na mtoto akazunguka na farasi yule yule mara tatu. Karani peke yake hakutulia. Alishika saa, alishika karatasi, alishika kofia. Kila walipokaribia njia panda ya kwenda kwenye treni, alikumbuka jambo upande mwingine.

Saa tano na nusu kipaza sauti kilikohoa. Wageni walitangaziwa kwamba treni ya milima itafungwa saa sita kwa ukaguzi, na leo haitafunguliwa tena. Wanaotaka kuipanda waende sasa.

"Mnasikia?" karani alisema. "Ukaguzi. Mtu hakagui kitu kizima."

"Bora wanakagua," mkewe akasema.

"Twendeni nyumbani. Tutakuja mwezi ujao, saa nane, hakuna watu."

Mtoto hakulia. Aliitazama tu ile karatasi, kisha akamtazama yeye, na hilo lilimchoma kuliko kilio.

"Basi mjomba'ko atakupandisha," akamwambia. "Mimi nitawashikia mizigo."

"Uliahidi wewe, baba."

"Najua, mama."

"Ulisema kiti kimoja."

Mkewe alimsogelea, akasema kwa sauti ya chini. "Baba watoto, kuogopa si dhambi. Lakini huyu amejipima ukutani miaka miwili kwa ajili yako. Ukimwacha leo, atakumbuka."

Alisimama pale akisali kimoyomoyo, na safari hii hakujua hata aombe nini. Mwisho akatoa mkono. Mtoto akaudaka, akamvuta kama mtu anayevuta ng'ombe kisimani.

Foleni ilikuwa fupi kwa kweli, hata dakika kumi haikufika. Kwenye ubao wa kupimia mtoto alipita. Karani alijitia kuangalia viatu vyake, akakaa kiti cha ndani, akageuza uso upande wa pili. Shati lilikuwa limemganda mgongoni.

Mhudumu wa mikanda alikuwa mwanamke wa makamo aliyekwisha kuota mvi, amevaa koti la rangi ya machungwa linalompwaya. Alipita kiti kwa kiti bila haraka. Alimfunga mtoto, akamshika kidevu kidogo. Kisha akanyoosha mikono kwa karani, akasita. Akamfunga. Akauvuta mkanda wake mara ya pili, na mara ya tatu, ingawa ulikuwa umekaza tangu mara ya kwanza.

Mkewe aliona aibu kwa niaba yake, akaegemea uzio.

"Tusamehe, mama," alimwambia mhudumu. "Mume wangu anatoka jasho kama amemwagiwa maji. Ana wasiwasi huyu, sijui kautoa wapi."

Yule mwanamke hakuinua uso. Alikuwa bado ameshika kifungo cha mkanda.

"Huo nilimzaa nao, mwanangu," alisema. "Hata kutambaa alichelewa, kwa kuiogopa sakafu."