Sahani Moja

Tangu komini, serikali ya mtaa, ilipokataza nyumba za kuishi kulaza wasafiri bila kibali, Tshala hakula tena kwa utulivu. Upepo ukitikisa geti tu, anasimama.

"Mama, kula," alisema mgeni wake, fundi redio wa Kisangani aliyekuwa akingoja treni siku ya tano sasa. Walikuwa wakimega ugali wa bukari katika sahani moja. Walishakubaliana: fundi akiulizwa, aseme yeye ni mpwa wa Tshala.

Safari hii haukuwa upepo. Ajenti wa komini aliingia, daftari kwapani, karatasi ya kufungia nyumba mkononi.

"Huyu njo nani, mama?"

Fundi akaona mpwa ni undugu mdogo. Akadakia, "Mimi niko mukwe yake! Nilioa mutoto yake."

Tshala akaondoa mkono sahanini. Ajenti alikuwa Muluba kama yeye, na kwa Waluba mkwe haruhusiwi kula mbele ya mama mkwe, seuze kumega naye sahani moja.

Ajenti alivitazama vidole vyao, vyote vinang'aa mafuta ya mboga ileile ya sombe.

"Unawe mikono, mama," akasema kwa upole. "Kisha unionyeshe chumba cha huyu mgeni wako."