Nyumba ya Shungi

Kitendawili! Nyumba yangu haina dirisha wala taa, na anayeingia huona kwa vidole. Ukishindwa, mjukuu wangu, usinipe mji, nisikilize tu.

Kwenye shamba la chuo cha mifugo, Sikitu alikuwa amezamisha mkono ndani ya ng'ombe, glovu imemfika begani. Miguu ilimuuma, kwani wanafunzi walikuwa wamesimama hapo tangu alfajiri. Wenzake wanane walishampima ng'ombe huyo, Shungi, na wote walijibu "sijui". Yeye ndiye wa mwisho.

"Dada, umehamia humo?" mmoja akamtania.

"Ana mimba au hana?" aliuliza mwalimu, ambaye kwa sababu ya bega lake bovu alitegemea mikono yao. Shungi alishapandishwa mara tatu. Akikosa mimba na safari hii, kesho ni kwa mchinjaji.

Mkia ulishikwa na Bi Mwatime, mkamuaji aliyemlea Shungi kwa chupa. "Usimpapase kwa pupa, mwanangu. Akikubana, tulia. Atakuachia."

Wiki iliyopita, kwa ng'ombe mwingine, Sikitu alisema mimba "ipo" ili tu akapumzike, na haikuwapo. Leo aliegemeza shavu kwenye nyonga ya ng'ombe, akabanwa, akaachiwa. Vidole vikapita upande huu, vikarudi upande ule. Kote laini, kote kimya. Akarudia tena, maana macho ya Bi Mwatime yalikuwa yakimwomba.

"Haya, Sikitu. Tuambie," mwalimu akasema.

Shungi alikuwa akicheua taratibu, na Bi Mwatime akimkuna shina la mkia.

"Nyumba ni tupu, mama," Sikitu akamwambia Bi Mwatime.