Zawadi ya Mtu Mmoja

Walipiga makofi kabla Otowa hajaikunjua karatasi.

Alipoikunjua, kweli lilikuwa jina lake: Otowa Sugimori, kwa wino wa buluu. Bosi ndiye aliyemwambia achomoe yeye sandukuni kwa niaba ya wote. Zawadi yenyewe ilikuwa safari ya pwani ya Shimane, Ijumaa hadi Jumapili, ya mtu mmoja, treni na nyumba ya wageni vimeshalipiwa.

"Una bahati wewe, dada," alisema Kanda, karani wa mishahara.

Wenzake wote ishirini na tatu wa kile kiwanda cha chai walikuwa wanatabasamu. Hilo lilikuwa jipya. Kwa miaka minane Otowa ndiye aliyekuwa mwanamke wa mvua. Kila mahali pa kazi pana mmoja. Akitia mguu nje tu, mbingu zinafunguka. Kwenda kutazama maua ya mcheri, mvua. Siku ya michezo ya kiwanda, mvua, miaka minne mfululizo, mpaka kamba ya kuvutana ikaota ukungu stoo. Hawakumtukana. Walimtazama tu, halafu wakatazama juu. Baadaye wakawa wanasahau kumwambia wanakwenda wapi.

Kitu kimoja tu Otowa alikitaka duniani: mahali ambapo mvua ikinyesha, mtu asimtazame hivyo.

Mwaka huu bosi, mzee Tsukuda, alitangaza kwamba michezo hakuna. Pesa yake ndiyo hii ya bahati nasibu. Otowa aliinama mara tatu kushukuru. Kisha akajitolea mwenyewe kulirudisha stoo lile sanduku pamoja na karatasi zilizobaki, maana ndivyo alivyo, haachi kitu kimezagaa.

Ijumaa walimsindikiza stesheni watu sita. Treni ilipoondoka, Kanda aliikimbilia kidogo pembeni, kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa.

Nyumba ya wageni, katika kijiji cha Kurohama, ilikuwa ya bibi Yasue, miaka sabini na tisa, mdomo haupumziki.

"Umekuja peke yako?"

"Peke yangu, bibi."

"Hujaachwa na mume?"

"Sijampata wa kuniacha."

"Haya, ingia. Chumba ni hicho kinachotazama choo cha jirani. Na unisamehe, sina moyo wa kupika. Figili zangu zinakufa. Siku thelathini na nane hatujaona tone, sisi watu wa kuzaliwa na mwavuli mkononi."

Otowa hakuwa amemaliza kuvua viatu. Juu ya paa pakagonga: to. Kisha to, to. Kisha kama mtu kapasua gunia la kunde.

Bibi alitoka mbio, akasimama katikati ya figili zake mpaka akalowa chapachapa. Akarudi, akamkagua mgeni wake toka kichwani hadi soksi.

"Samahani sana," alisema Otowa, kwa mazoea.

"Samahani ya nini? Kaa hapo. Unakula samaki wangapi?"

Jioni Kanda alipiga simu. "Huko hali ya hewa vipi?"

"Mvua. Kubwa."

"Safi," alisema Kanda. "Yaani, pole."

Jumamosi Otowa alitembea ufukweni kutwa, yeye na mwavuli wake. Wakulima walimwinamia kutoka mashambani. Mmoja alimfuata barabarani na kikapu cha matunda. "Dada, ukirudi pitia na kwangu, upande ule wa kabichi. Usiharakishe."

Jumapili alfajiri, jua likatoka. Kabla ya saa moja simu ililia.

"Dada," alisema Kanda, "nasikia redioni kwamba huko kumetakata?"

"Kumetakata kabisa."

Nyuma ya Kanda mtu akapuliza filimbi.

"Huku wingu linakuja," alisema Kanda. "Hebu toka nje kidogo. Tembea. Hewa ya bahari inasafisha mapafu."

Otowa akavaa viatu. Hajafika getini, tone likamwangukia puani.

Wakati wa kuagana bibi Yasue alimshika mkono, hakuuachia. "Mwezi wa sita tunapanda mpunga, na mvua za siku hizi hazina adabu. Rudi, mwanangu. Nitakupa chumba kinachotazama bahari."

Jumatatu Otowa aliingia kazini na boksi la biskuti za ngisi, kama msafiri yeyote mwenye heshima zake. Wenzake ishirini na tatu wakazipokea kwa mikono miwili. Pua ishirini na tatu zilikuwa zinabanduka ngozi kwa jua. Masikio ya bosi yalikuwa mekundu kama kaa aliyechemshwa. Mezani kwake kulikuwa na kikombe cha ushindi, kipya.

"Ofisi hii ina joto siku hizi," alisema Kanda, akijipepea.

Otowa alimpa biskuti nyingine.

Bosi akakohoa. "Tumeonelea tuchezeshe tena bahati nasibu. Safari ya mwezi wa sita. Ya mtu mmoja."

Kiwanda kizima kilijua kwamba mwezi wa sita binti yake anaolewa, na kwamba binti hasikii la mtu: harusi ni bustanini, chini ya mbingu.

Kanda alileta sanduku. Mikono ya watu ilikuwa tayari kupiga makofi. "Chomoa, dada. Nani ajuaye."

Otowa aliingiza mkono, akatoa karatasi, akaiweka mezani bila kuikunjua.

"Safari hii nitahitaji siku tano, na chumba kinachotazama bahari," alisema. "Na Kanda, usijichoshe tena kuandika jina langu mara ishirini na nne. Nilipozihesabu zile karatasi kule stoo, niliuonea huruma mkono wako."